Kwa nini tunakuomba mkojo na damu: figo, vinasaba na swali la Moshi

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa figo uliofanyika nyumba kwa nyumba hapa Moshi, mjini na vijijini. Walipimwa watu wazima 481. Asilimia 7 walikadiriwa kuwa na ugonjwa sugu wa figo, na kwa upande wa mjini ilifika asilimia 15. Katika kila kumi waliougua, karibu tisa hawakuwa na habari. Hayo yanasikitisha, ila kuna jingine linalotukosesha usingizi sisi watu wa maabara: karibu nusu ya wagonjwa hao hawakuwa na presha, wala kisukari, wala VVU.

Tumezoea kuwaambia wananchi kwamba ukidhibiti presha na sukari, unalinda figo. Ni ushauri wa kweli, ufuateni. Lakini hiyo nusu nyingine tuiambie nini?

Sehemu ya jibu huenda imo kwenye vinasaba, na kazi ya Martin Pollak, daktari wa figo na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, inatuonyesha jinsi jibu la namna hiyo linavyotafutwa. Kila figo ina vichujio karibu milioni moja, visivyoonekana kwa macho. Ukuta wa kila kichujio umekumbatiwa na seli zenye vidole, zinazoushikilia kama mizizi ya mgomba inavyoshika udongo wa mteremko. Seli hizi zikifa, mwili haurudishi nyingine kwa urahisi. Protini ya damu huvuja hadi kwenye mkojo, na taratibu kichujio hugeuka kovu. Mwaka 2000 Pollak na wenzake walichunguza familia ambazo tatizo hilo lilikuwa likirithiwa kizazi hadi kizazi, wakakuta hitilafu kwenye kinasaba kiitwacho ACTN4, kinachotoa protini ya kuimarisha vidole hivyo. Hitilafu moja ya kurithi ilitosha kuharibu figo za ukoo.

Miaka 10 baadaye ikaja habari inayotugusa Waafrika moja kwa moja. Kinasaba cha APOL1 hutengeneza protini inayozunguka kwenye damu na kuua vimelea aina ya trypanosoma, jamii ya vimelea vya malale. Watafiti wa Ubelgiji walilionyesha hilo mwaka 2003. Madereva wa watalii wa Arusha wanaoingia Tarangire na Serengeti wanawajua vizuri mbung'o wanaovibeba. Tatizo ni kwamba kimelea cha malale cha upande wetu wa Afrika kina mbinu yake: hutoa protini inayoidaka APOL1 na kuizima. Mwaka 2010 Pollak na washirika wake walieleza kwamba baadhi ya watu wenye asili ya Afrika wana APOL1 iliyobadilika kidogo, aina zilizopewa majina G1 na G2, inayoweza kukiua kimelea hicho. Ila anayerithi aina hizo kwa baba na kwa mama pia, hatari yake ya kuugua figo hupanda sana. Kinga ya mababu imekuwa mzigo kwa wajukuu.

Aina hizo zimeenea zaidi Afrika Magharibi kuliko kwetu, kwa hiyo sisemi kwamba swali la Moshi limeshajibiwa. Ninachotaka kionekane ni faida ya kujua chanzo. Kwa kuwa kinasaba cha APOL1 kilijulikana, dawa ya kuilenga protini yake iliwezekana: mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya dawa iitwayo inaxaplin, ambapo kwa wagonjwa 13 protini kwenye mkojo ilipungua kwa karibu nusu katika wiki 13. Ni kundi dogo, na majaribio makubwa zaidi yakafuata. Bila familia zilizokubali kutoa damu na mkojo, hakuna hata kimoja kati ya hivi ambacho kingejulikana. Vinasaba vya watu wa Kilimanjaro haviwezi kusomwa kwenye damu ya watu wa Boston, Marekani.

Kipimo cha kwanza chenyewe ni rahisi. Ni kijiti chenye kipande kidogo cha njano. Kikichovywa kwenye mkojo, protini hukigeuza kijani, na kadiri inavyozidi ndivyo rangi inavyokolea. Kisha damu hupimwa kreatinini, yaani taka ya misuli ambayo figo nzima huiondoa mwilini. Ukiona mkojo una povu lisilokatika, au miguu na uso vinavimba, nenda kapime sasa. Lakini wengi hawaoni dalili yoyote mpaka figo zimeshachoka, na anayechelewa huishia kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, kama saa 4 kila mara.

Mtafiti akibisha hodi Pasua, Majengo au Kibosho, mkaribishe, umuulize. Aonyeshe kibali cha kamati ya maadili. Akueleze sampuli yako itahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na kama itasafirishwa nje ya nchi. Una haki ya kukataa, au kujitoa baadaye, na matibabu yako hayaguswi. Ukikubali, dai uambiwe majibu ya mkojo na kreatinini, uyapeleke kwa daktari wako.