Moteri kulemewa: mtetemo wa pikipiki na uchaguzi wa vitesi

Panda pikipiki pale Nyawera, Bukavu, mashariki mwa Kongo, uelekee Kadutu ukiwa na gunia la maharagwe mapajani. Katikati ya mlima kiti kinaanza kukupiga: du, du, du. Vyuma vya kukanyagia vinagonga soli za viatu. Kioo cha pembeni, ambacho sasa hivi kilikuonyesha vizuri gari la nyuma, kimejaa ukungu. Motari, yaani dereva, anaongeza gazi (anafungulia petroli zaidi), lakini pikipiki haiongezi mwendo. Inanguruma kwa sauti nzito ya chini, kama mtu anayebeba mzigo uliomshinda.

Hapo moteri (injini) imelemewa. Maana yake ni kwamba inazunguka polepole mno kwa kazi iliyopewa, kwa sababu motari amebaki katika vitesi ya juu. (Vitesi ni ile ambayo Watanzania na Wakenya huiita gia.) Haimaanishi kwamba moteri ni mbovu, wala kwamba haina nguvu. Nguvu inayo, ila imezuiwa isifike kwenye mzunguko ambao nguvu hiyo hupatikana.

Pikipiki karibu zote zinazobeba watu katika mji huu zina silinda moja ya mipigo minne. Pistoni hupanda na kushuka mara mbili, yaani mipigo minne, na mpigo mmoja tu kati ya hiyo ndio unaosukuma: ule ambao petroli inawaka. Mingine mitatu inakula nguvu. Kwa hiyo moteri inayozunguka mara 2,000 kwa dakika inapata misukumo 1,000, kama 17 kwa sekunde. Ikizunguka mara 6,000, inapata 50 kwa sekunde.

Wanaojua Goma wamfikirie kijana anayesukuma chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili) yenye mzigo kwenye mlima. Akitoa msukumo mmoja mkubwa kisha akapumzika, chukudu inaruka mbele, inapoteza mwendo, inataka kurudi nyuma, halafu inaruka tena. Akisukuma kidogo kidogo bila kuachia, inapanda kwa utulivu. Kazi ni ileile, ila mizigo iliyofungwa juu inatikisika katika hali ya kwanza na kutulia katika ya pili.

Ndani ya moteri kuna chuma kizito cha duara ambacho kazi yake ni kuhifadhi mwendo kati ya msukumo na msukumo. Lakini akiba yake inategemea kasi, na haipungui kwa kiasi kilekile: kasi ikishuka hadi theluthi moja, akiba inashuka hadi sehemu moja ya tisa. Ndiyo maana kwenye mizunguko ya chini chuma hicho hakiwezi tena kuziba pengo. Kila mlipuko unafika peke yake hadi kwenye shene (mnyororo), tairi na mgongo wa abiria.

Vitesi ndiyo inayoamua moteri izunguke mara ngapi ili tairi lizunguke mara moja. Ya kwanza inaipa mizunguko mingi kwa mwendo mdogo, kwa hiyo nguvu ya kuvuta ni kubwa. Ya nne au ya tano inaipa mizunguko michache kwa mwendo mkubwa, na hiyo inafaa barabara tambarare. Ukirudisha kutoka ya nne hadi ya tatu huku mwendo ukibaki uleule, moteri inapanda mizunguko, misukumo inakaribiana, na ile du-du-du inayeyuka.

Wengi hawataki kurudisha kwa sababu ya kelele. Mimi pia niliendesha muda mrefu nikidhani moteri inayolia katika vitesi ya pili inaumia, na ile inayonguruma taratibu katika ya nne inapumzika. Ni kinyume. Mlimani, iliyo katika ya pili ndiyo inayofanya kazi kwa raha. Moteri ndogo ya sentimita za ujazo 125 hutoa nguvu yake kubwa kwenye maelfu ya juu ya mizunguko, siyo pale inapokaribia kuzimika.

Iliyolemewa ndiyo inayoumia. Pampu ya mafuta ya moteri (oili) inazungushwa na moteri yenyewe, kwa hiyo mizunguko ikiwa michache mafuta yanasukumwa polepole, na ni wakati huohuo kila mlipuko unakandamiza vyuma kwa nguvu kubwa. Shene inavutwa na kulegea, inavutwa na kulegea, na meno ya pinyo, gurudumu dogo linalovuta shene, yanaliwa. Halafu kuna sauti ya kuogopa zaidi: kelele kavu ya juu, kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Hapo sehemu ya petroli inawaka yenyewe kabla moto wa bujia (plagi) haujaifikia. Ukiisikia, usiongeze gazi. Punguza kwanza, shika ambreyaje (klachi), rudisha vitesi moja, achia taratibu huku ukiongeza gazi kidogo.

Wapo wanaosema vitesi ya juu inaokoa petroli. Kwenye barabara tambarare wana haki. Mlimani, gazi likiwa limefunguliwa lote na pikipiki ikitambaa, sioni wanachookoa, na hesabu ya fundi itakuja.

Bukavu ina shida yake ya ziada. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa huku ni nyepesi. Moteri ya kawaida inapata hewa kidogo, kwa hiyo inapoteza takribani asilimia 15 ya nguvu ambayo ingekuwa nayo pwani. Mlima ambao Mombasa ungepandwa na vitesi ya tatu, hapa unataka ya pili. Na rudisha kabla ya mlima, siyo ukiwa tayari katikati na pikipiki imekwisha kupoteza mwendo.

Usichanganye mtetemo huu na mwingine, ule mwembamba unaowasha viganja kama nyuki waliofungiwa kwenye usukani. Huo unakuja moteri inapozunguka kwa kasi sana. Unatokana na pistoni yenyewe, ambayo inarushwa juu na chini, ikisimamishwa na kurushwa tena maelfu ya mara kwa dakika. Dawa yake ni kupandisha vitesi, au kupunguza gazi kama tayari uko katika ya mwisho.

Na ikiwa umebadilisha vitesi juu na chini bila mtetemo kubadilika? Tafuta mahali pa tambarare pasipo na magari. Pikipiki ikiwa inatembea, funga gazi na shika ambreyaje, uache pikipiki iteleze. Mtetemo ukibaki na kupungua kadiri mwendo unavyopungua, angalia magurudumu: rimu iliyopinda, sipoku zilizolegea, tairi lililokaa vibaya. Ukipotea palepale, simama, toa vitesi kabisa (nyutro), kisha pandisha gazi polepole. Ukirudi pikipiki ikiwa imesimama, chunguza bulo (bolti) zinazoshikilia moteri kwenye shasi. Usipoonekana hapo, inama uangalie shene.

Juzi kijana mmoja alikuwa ameshalipia karbireta nyingine kwa sababu ya mtetemo. Papa fundi aliweka ufunguo (spana) wa 14 kwenye bulo ya nyuma ya moteri, na ikazunguka kwa kidole kimoja.