Moduli ya gia si upana wa gia

Moduli ya gia ni kipenyo cha duara la pichi (duara la kuwaziwa linalopita kwenye meno), kwa milimita, kikigawanywa kwa idadi ya meno. Maana yenyewe haizidi hapo. Hata hivyo, katika karakana zinazohudumia mashine za kukamua alizeti hapa Dodoma na kwa jirani zetu wa Singida, neno hilo limegeuzwa kuwa jina jingine la upana: mtu huleta gia iliyovunjika meno, huomba achorewe nyingine ya kukatwa kwa plazma au leza, kisha husisitiza kwamba ni ya "moduli 64" kwa kuwa ndicho kipimo alichokisoma kwenye kalipa, kifaa cha kupimia vipenyo.

Alichokipima ni kipenyo cha nje, yaani kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino la upande wa pili. Duara la pichi halionekani popote kwenye chuma. Limepita karibu na katikati ya kimo cha jino, chini ya ncha kwa urefu wa moduli moja, na ndilo ambalo gia mbili hubiringishana juu yake kana kwamba hazina meno. Kwa gia ya kawaida, kipenyo cha nje ni moduli mara idadi ya meno iliyoongezwa mawili. Gia yenye meno 30 na kipenyo cha nje cha milimita 64 ni ya moduli 2, kwa sababu 64 ikigawanywa kwa 32 ni 2, na duara lake la pichi lina milimita 60.

Wapo wanaojua kwamba ni lazima kugawanya, ila hugawanya kwa 30, na hao hunisumbua zaidi, maana hupata 2.13, jibu linaloweza kumpoteza hata fundi mzoefu. Gia nyingi za zamani za Uingereza hupimwa kwa idadi ya meno katika kila inchi ya kipenyo cha pichi, na ile ya meno 12 kwa inchi, ikigeuzwa kuwa milimita, huwa na moduli ya takriban 2.12. Basi fundi huamini kwamba ameshika gia ya inchi, huichora hivyo, na meno yake hayaingiliani vizuri na gia mwenzake ya moduli 2 iliyobaki kwenye mashine, hata kompyuta iongoze ukataji kwa usahihi wa namna gani.

Kosa hilohilo huhamia kwenye umbali wa shafti. Gia ya meno 30 na ya meno 60, zote za moduli 2, hutaka shafti ziachane kwa milimita 90. Anayejumlisha vipenyo vya nje, 64 na 124, kisha akagawanya kwa mbili, atapata 94, na hapo ncha zitagusana tu bila jino lolote kuingia kwenye pengo.

Hata ubavu wa jino hutegemea hesabu hiyo. Si tao la bikari, bali ni mkunjo unaochorwa na ncha ya uzi uliokazwa unapofunguliwa kutoka kwenye kopo la duara. Kwa pembe ya mgandamizo, yaani pembe ambayo meno husukumana kwayo, ya nyuzi 20, kopo la gia yetu lina kipenyo cha milimita 56.4 hivi, na moduli ikikosewa, kopo nalo hubadilika. Yaliyosalia ni nidhamu ya mchoro: mstari ufungwe bila pengo, kipimo cha faili kitajwe kuwa ni milimita, na upana wa mkato, yaani chuma kinacholiwa wakati wa kukata, uachiwe programu ya mashine iufidie.

Kwa hiyo atakayetaja moduli 64 asichekwe. Atie alama ya chaki kwenye jino la kwanza, ayahesabu yote, yakiwemo yaliyovunjika, aongeze mawili, ndipo agawanye kipenyo cha nje kwa jumla hiyo. Akipata 1.98, ncha zimelika kwa kazi, na mchoro uandikwe 2.