Mfunze kushuka kabla ya kumfunza kutembea

Video ninazotumiwa hufanana. Mbwa mdogo yuko juu ya tredmili, ile mashine ya mazoezi yenye mkanda unaozunguka, miguu minne inakwenda, mwenyewe anacheka nyuma ya simu, kisha linafuata swali: "Mwalimu, si unaona anaweza?" Mimi huangalia mengine. Mkia umefyatwa, masikio yamelala nyuma, weupe wa macho unaonekana pembeni, kucha zinakwaruza mkanda. Anaweza, sikatai. Hata aliyechukuliwa na maji hupiga mikono.

Kazi yangu ni kufunza mbwa, hasa wale wanaorudishiwa nguvu za miguu baada ya upasuaji na wale waliozidi unene. Tredmili naitumia karibu kila siku na naipenda: mwendo ni mmoja, chini hakuna mashimo, na muda naupima kwa sekunde. Lakini ina kasoro moja ambayo mafunzo yote lazima yaizingatie. Mbwa akisimama, yenyewe haisimami.

Zamani huko Uingereza, tangu karne ya 16 hadi ya 19, palikuwa na mbwa wadogo wa miguu mifupi waliofugwa kwa kazi ya jikoni. Walitiwa ndani ya gurudumu lililofungwa juu ukutani, wakikimbia gurudumu linazunguka, na gurudumu linazungusha nyama juu ya moto. Mmoja wao, Whiskey, alikaushwa na amewekwa katika jumba la makumbusho la Abergavenny, Wales. Yalikuwa maisha ya taabu, siyasifu. Ila gurudumu lile lilisukumwa na mbwa mwenyewe, naye akichoka, nalo lilichoka. Mashine ya umeme haijui kuchoka. Kuna tredmili zisizo na mota, ambazo mbwa huusukuma mkanda kwa miguu yake, na kwa mbwa wakubwa nazikubali. Mbwa wa kilo tatu, bahati mbaya, mara nyingi hana uzito wa kuuamsha mkanda wa namna hiyo.

Basi somo la kwanza ni kushuka. Mashine imezimwa na waya umechomolewa. Natandika mkeka au zulia dogo kando ya mashine, mbwa anapanda akifuata kipande cha nyama ya kuku, anakaa hapo kitambo, namwambia "shuka", na anachokipata kwenye zulia ni kitamu kuliko alichopata juu. Baadhi ya wenzangu hunipinga hapa. Wanasema namfundisha mbwa kukimbia kazi. Ni kweli, siku za mwanzo hushuka ovyo, wengine kila baada ya sekunde tano. Mimi naiona kama barua anayoniandikia: hapa nimetosheka, hapa nimeogopa. Mbwa anayejua kwamba mlango uko wazi hukaa ndani kwa raha zaidi, na kwa kawaida ndani ya wiki moja namkuta ametangulia kupanda kabla sijamwita.

Sauti ya mashine naizoesha peke yake. Mkanda unazunguka mtupu, mbwa yuko upande wa pili wa chumba anakula chakula chake. Kila siku bakuli linasogea kidogo. Akiacha kula, nimesogea mno, narudi nyuma. Chakula ndicho kipimo changu kikuu kuliko hata mkia: mbwa mlafi anayekigeuzia kichwa kipande cha kuku amekwisha kukujibu, huna haja ya kumuuliza tena. Kupiga miayo pasipo usingizi na kulamba midomo pasipo chakula ni majibu ya aina hiyohiyo, ila ya sauti ya chini.

Sasa kuwasha mashine yeye akiwa juu. Hapa ndipo wengi huharibu, na mimi niliwahi kuharibu. Mwaka wangu wa kwanza nilimfunga mbwa mmoja kwa kamba kwenye vishikio vya mashine ili asishuke. Mkanda uliposhtuka aliteleza nyuma, kamba ikakaza shingoni, na sekunde mbili nilizotumia kutafuta kitufe zilikuwa ndefu kuliko siku nzima. Hakuumia. Lakini kwa miezi miwili hakukubali kuingia chumba kile, na haki ilikuwa yake. Tangu siku hiyo hakuna kamba inayofungwa kwenye mashine yangu, na hakuna ukanda wa shingoni. Mbwa huvaa ukanda wa kifua wenye kishikio mgongoni, na mkono wangu uko pale bila kumvuta. Ile klipu ya usalama inayozima mashine ikichomoka naibana kwenye nguo yangu.

Mashine nyingi hazianzi taratibu kama namba ya kwenye kioo inavyodai, hushtua kidogo. Kwa hiyo mtu wa pili abonyeze kitufe. Mimi huchuchumaa mbele na mwiko mrefu uliopakwa chakula cha kulambwa, nao nauweka usawa wa kidevu chake. Ukiuinua juu, mbwa ataangalia juu, uzito wote utahamia miguu ya nyuma, na hatua zitavurugika. Ukiwa usawa wa kidevu, anaegemea mbele kuulamba, mkanda unaanza, na hatua ya kwanza inatoka yenyewe kabla hajaifikiria. Sekunde tano. Zima. Shuka, ale. Tukirudia mara sita tumemaliza siku hiyo, ingawa mwenye mbwa huwa ndiyo kwanza amepata hamu.

Mwendo wa kuanzia ni ule wa chini kabisa ambao mashine inao. Kwa mbwa wa kilo 3 hadi 8 ninaowafunza, matembezi ya kawaida huangukia kati ya kilomita 1.5 na 3 kwa saa. Usiamini namba, itazame miguu. Katika kutembea kila mguu unagusa chini kwa zamu yake. Katika mchakamchaka miguu huenda miwili miwili kwa mshazari, wa mbele kulia na wa nyuma kushoto, na mgongo hutulia. Ukiona anarukaruka katikati ya hayo mawili, kasi yako imekaa pabaya: punguza atembee, au ongeza kidogo apate mchakamchaka. Shoti sitaki kuiona kabisa kwenye mashine.

Wiki ya pili huwa tumefika dakika mbili au tatu, na mbwa mzima mwenye afya baadaye hufika kumi hadi kumi na tano, zikiwemo za kupasha mwili na za kupoa. Akianza kurudi nyuma ya mkanda au kuburuta kucha za nyuma, ulipaswa kuzima dakika moja iliyopita. Ulimi nao utazame: ukipanuka kwenye ncha kama kijiko, joto limemzidi. Mbwa hupoa kwa kuhema, na ndani ya chumba hakuna upepo wa kumsaidia, hivyo feni kwangu ni sehemu ya mashine. Joto lake la kawaida ni karibu nyuzi 38 hadi 39, na akipita 41 yuko hatarini. Kwa hao wa pua bapa, kama Pug, mimi huishia kwenye kutembea tu.

Kuna mbwa ninaowapeleka kwanza kwa daktari wa mifugo. Chihuahua au Pomeranian anayekunja mguu mmoja wa nyuma, akaruka hatua mbili tatu kisha akaendelea kama si yeye, huenda kifupa cha mbele ya goti, yaani pia ya goti, kinachomoka mahali pake. (Wazee waliiita kilegesambwa, na sijui jina gani lingewafaa zaidi mbwa hawa.) Yorkshire Terrier anayekohoa kwa sauti ya bata bukini huenda bomba lake la hewa linalegea. Dachshund ana mgongo mrefu, na pingili za uti wake si za kuchezea, kwa hiyo mashine ibaki tambarare, bila mwinuko. Na mbwa aliye chini ya mwaka mmoja asubiri mifupa yake imalize kukua.

Kabla ya kuanza pitisha kidole nyuma ya mashine, pale mkanda unapoingia chini, ikiwa imezimwa bila shaka. Ukubwa wa nafasi hiyo haumsumbui mtu, lakini unyayo wa mbwa mdogo huingia, na manyoya marefu huvutwa. Mimi huzikata kucha na kufunga manyoya ya miguu.

Swali la mwisho la mwenye mbwa huwa ni kama sasa anaweza kuacha kumtoa mbwa wake nje. Hapana. Juu ya mkanda hakuna cha kunusa, na nusu ya matembezi ya mbwa hufanywa na pua. Mimi humpeleka mbwa nje kwanza, anuse nguzo zote anazozitaka bila kuharakishwa, tredmili baadaye.