Kabla hamjaniomba "kaya ishirini"

Juzi imeingia tena kwenye simu yangu. "Shalom Mama. Sisi vijana wa usharika tunakuja kwenu na misheni mwezi wa saba, siku tatu. Tunaomba utuandalie kaya ishirini zenye uhitaji mkubwa, Jumamosi tupite nyumba kwa nyumba tukigawa chakula." Nikampigia aliyeandika. Kijana mpole, mwenye moyo. Nikamweleza kwamba kaya ishirini haziandaliwi kwa wiki moja. Akanijibu neno ambalo wageni wananijibu kila mwaka: "Lakini Mama, si tunatoa bure? Hata akipata asiyehitaji sana, nani ameumia?"

Wapo wanaoumia. Naandika hapa kwa sababu nimechoka kulieleza hili kwenye simu, kila kikundi na zamu yake.

Kwanza huo mwezi wa saba. Huku Dodoma mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na watu wanavuna Mei na Juni. Julai uwele na mtama vimejaa ndani. Njaa yetu ni ya Januari na Februari, chakula cha mwaka jana kikiwa kimekwisha na kilichoko shambani hakijakomaa. Ninyi mnakuja barabara zikikauka, mnashusha sembe ya mjini siku ileile mama mwenye nyumba anahangaika kupata wa kumuuzia debe lake la mtama. Maziwa ya kopo kwa wenye vichanga msilete kabisa. Mtoto chini ya miezi sita anyonye, na mama akikwama mwelekezeni zahanati. Dawa za minyoo vilevile, waachieni wenye kazi yao.

Sasa orodha, maana hapo ndipo mnaponiudhi.

Mnadhani orodha ya wahitaji ipo mahali imelala, yangu ni kuifuata tu. Nani ameiandika? Mzee wa kanisa akiandika, ataandika wanaokuja ibadani. Mwenyekiti wa kitongoji ataandika wanaofika mikutanoni. Wengine huniambia nichukue majina ya wanufaika wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Ni mwanzo mzuri, kwa kuwa kaya zile zilipitishwa kwenye mkutano wa kijiji. Lakini zilipitishwa siku ile. Aliyekuwa na mume mwenye nguvu wakati huo huenda leo ni mjane. Mtoto aliyekuwa mdogo leo ana bodaboda na anamtumia mama yake hela.

Kisha kuna wasioandikwa na yeyote. Bibi aliyeachiwa wajukuu watano na binti aliyekwenda kutafuta maisha mjini. Nyumba yenye mtoto mwenye ulemavu ambaye majirani hawajawahi kumwona. Binti aliyefukuzwa kwao akiwa na mimba. Na nyumba ya mlevi. Nyumba hiyo kamati yetu ya orodha huikata kila mara, na kila mara nasimama kuirudisha, kwa sababu watoto wa mlevi hawanywi pombe na wanashinda njaa.

Someni tena Matendo ya Mitume sura ya 6. Kanisa la kwanza kabisa, mitume wenyewe wapo, na bado wajane wa upande wa waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Hatusomi kwamba chakula kilipungua. Orodha ndiyo iliyopinda. Tena angalieni walivyoinyoosha: walichaguliwa watu saba, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, na majina yote saba ni ya Kiyunani. Walielekea kuikabidhi kazi kwa upande uliolalamika. Nimehudhuria semina nyingi za udiakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji, ambazo mstari huu unasomwa kwa ajili ya kumsifu Stefano, kisha tunakwenda kula.

Mnaniuliza nani anaumia. Miaka michache iliyopita kikundi kilimpa mjane mmoja kilo kumi za sembe, mafuta, sukari na sabuni, wakaimba mlangoni kwake, wakapiga picha, wakaondoka. Nyumba mbili za jirani, zenye hali ileile, hazikupata kitu. Wiki ile mjane yule alipokwenda kuomba chumvi aliambiwa akawaombe wageni wake. Msimu wa kulima ulipofika hakuitwa kwenye kulima kwa zamu, ambako leo wote wanalima kwako na kesho kwangu. Kilo kumi kwa watu sita ni siku nne. Chumvi, kaa la moto, jembe la kuazima na mtu wa kukaa na mgonjwa usiku, vyote hivyo huvipata kwa jirani mwaka mzima, na sisi tulivikata kwa dakika ishirini. Orodha ile niliiandika mimi. Niliiandika kwa haraka kwa sababu lori lilikuwa njiani.

Jambo la pili ni huko kuingia nyumbani mwa watu. Kumbukumbu la Torati 24 inamwambia anayemkopesha mwenzake asiingie nyumbani kuchukua rehani. Asimame nje, mwenye nyumba amletee. Huyo ni mdai, mwenye haki yake! Ninyi hamumdai mtu, na mnaingia ishirini na watano kwenye tembe la vyumba viwili, mzee anabaki amesimama kwa kukosa kiti, na simu tatu zinamulika kitanda chake. Simameni nje. Mwambieni "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, mngoje. Akiwakaribisha, waingie wawili.

Na Waislamu waandikwe? Swali hili naulizwa kwa kunong'onezwa. Ndiyo, waandikwe. Paulo akiwaandikia Wagalatia alianza na watu wote, ndipo akataja hasa jamaa ya waaminio. Lakini maombi yananisumbua zaidi kuliko orodha. Mkiomba kabla ya kutoa, mwenye njaa hana nafasi ya kukataa. Nilibadilisha, nikasema chakula kitangulie kisha tuombe ruhusa ya kusali. Nikaona bado: nani atakataa akiwa ameshika mfuko wenu mkononi? Siku hizi kamati hupeleka chakula kimya kimya siku kadhaa kabla, nanyi mnakwenda mikono mitupu, kumsalimu mtu tu. Baadhi ya vijana walilia, wakasema nimewanyima baraka ya kutoa kwa mikono yao. Nililala vibaya usiku ule. Si rahisi kumwambia kijana aliyejinyima posho zake miezi sita kwamba asionekane akitoa, na sina hakika kila mara niko sahihi.

Lakini Januari nimeona kitu kingine. Kaya nyingi tunazoziita maskini zinakosa mikono kabla ya kukosa unga. Bibi ana ekari mbili, mvua imenyesha, magugu yanampita mbio. Asipopalilia ndani ya wiki chache, njaa ya mwaka ujao imeshapandwa. Mwaka juzi walikuja vijana watano, wakalala kwenye darasa la shule ya Jumapili, wakapalilia siku tatu kwa bibi mmoja mwenye wajukuu. Asubuhi ya kwanza waling'oa mlenda wote katika mistari miwili wakidhani ni magugu, kumbe ndiyo mboga anayoianika ale mwaka mzima. Bibi aliwasimamisha, akainama, akawaonyesha jani kwa jani. Tangu hapo yeye ndiye aliyepanga kazi: wewe huku, wewe uache ule. Jioni jirani yake alikuja na jembe lake akajiunga nao.

Kwa hiyo nimemjibu yule kijana. Fedha ya sembe itumeni sasa, Julai, tununue uwele hapahapa bei ikiwa chini, tuuweke kwenye mifuko isiyopitisha hewa hadi Januari. Ninyi mje Januari, watano, majembe yapo. Orodha tutaianza wiki ijayo, na safari hii wanawake wa vitongoji vya mbali ndio watakaoanza kutaja majina, wazee wa kanisa wakisikiliza. Amesema atalipeleka kwenye kikao cha vijana Jumapili.