Ada ya maji ya mvua ni nini, na bati lako linahusikaje?

Ada ya maji ya mvua ni malipo ambayo mji humtoza mwenye kiwanja kwa sababu ya maji yanayotiririka kutoka kwake mvua ikinyesha. Haihusiani na bili ya maji ya bomba wala kodi ya jengo. Kinachopimwa ni eneo lililofunikwa lisilonywa maji: bati, sakafu ya zege, pevingi, lami ya maegesho. Fedha yake hufungiwa kazi moja, yaani kujenga mitaro na kuizibua, kukarabati makalavati, kuchimba mabwawa ya kuyashika maji yasishuke yote kwa mkupuo.

Tanzania hatuna ada hii. Lakini kwa anayeishi Dodoma inafaa kuielewa, maana mji umefunikwa haraka mno. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 410,956; ya 2022 ikawakuta 765,179. Kila nyumba mpya imekuja na bati lake, na siku hizi na ua mzima wa pevingi, kwa sababu hakuna anayetaka tope jekundu mlangoni.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Chukua kiwanja cha mita za mraba 600 kule Ilazo au Kisasa, nyumba katikati, pevingi hadi ukutani. Mvua ya milimita 50 inakiangushia lita 30,000, sawa na maboza matatu ya lita 10,000. Hayana pa kuzama. Yanatokea kwenye lile tundu dogo ambalo fundi huliacha chini ya ukuta, yanaingia barabarani, yanakutana na ya jirani na ya jirani wa jirani. Aliyejenga bondeni ndiye anayeamka usiku kunyanyua godoro.

Wapo wanaosema Dodoma ni mji mkavu, mitaro ya nini? Kwa mwaka tunapata milimita 550 hadi 600 hivi, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Tatizo ni kwamba hazinyeshi kwa upole. Zinakuja kwa vishindo, juu ya ardhi iliyokauka na kugandamana, na korongo lililokuwa mchanga mtupu miezi minane linageuka mto kwa saa mbili. Ile miezi minane ndiyo inayomdanganya mtu akajenga ndani ya korongo, ingawa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Sasa kwa nini kutoza kwa ukubwa wa bati na sakafu? Njia ya zamani katika nchi nyingi ilikuwa kuchanganya gharama ya mitaro kwenye bili ya maji. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Fikiria godauni la Kizota lenye yadi ya malori: linatumia maji ya bomba ya kunawa mikono na ya choo kimoja tu, lakini mvua ikinyesha linamwaga mto. Familia ya watu wanane wanaofua kila siku wanalipa bili kubwa, na kiwanja chao nusu kina mchicha na miembe. Familia ndiyo inayolilipia godauni mtaro.

Ujerumani wamelitenganisha hilo. Berlin, tangu 2000, mwenye nyumba hulipa majitaka kwa kiasi cha maji anayotumia, na mvua kwa kila mita ya mraba iliyofunikwa ambayo maji yake yanaingia kwenye mfumo wa mji, karibu euro mbili kwa mwaka. Marekani, mji wa Bellevue kule jimbo la Washington ulianza mapema, 1974. Miji mingi ya huko hutumia kipimo cha nyumba moja ya kawaida: wanatafuta wastani wa eneo lililofunikwa kwenye nyumba za mji huo, wanaliita fungu moja, kisha duka kubwa lenye eneo mara arobaini linalipa mafungu arobaini. Nyumba za kuishi mara nyingi hulipa kiwango kimoja, ili kuepuka kupima kila kibaraza.

Lakini kwangu utamu wa ada hii uko kwenye punguzo. Anayeyazuia maji yake asiyatoe nje analipa pungufu, au halipi kabisa. Hapo ndipo mtu anapoanza kupiga hesabu upya kabla ya kumwita fundi pevingi.

Na Dodoma hilo lina uzito wa pekee. Visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, ndivyo vilivyoubeba mji huu kwa miongo mingi. Kumbukumbu za kina cha maji pale zinaanzia miaka ya 1950, na utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha kuwa maji ya chini hupanda hasa miaka ya mvua kubwa kupita kiasi, kama El Niño ya 1997/98. Miaka mingine yanashuka tu. Sisemi mvua ya Ilazo ndiyo inayojaza visima hivyo, vina bonde lake. Ila katika nchi kame mvua kubwa ndiyo yenye maji ya kuwekwa akiba, na sisi ndiyo hiyo hiyo tunayoiharakisha iondoke.

Bati la mita za mraba 100 linajaza tangi la lita 5,000 kwa mvua moja ya milimita 50. Tatizo la tangi ni kwamba likishajaa, mvua ya kesho yake inapita juu kwa juu. Ndiyo maana punguzo la maana huenda kwa ardhi inayonywa: shimo la mawe la kuzamishia maji mbali na msingi wa nyumba, tofali za matundu zinazootesha majani katikati, au kuacha tu robo ya ua bila kuifunika.

Je, tungeweza kutoza hapa? Njia ya kukusanya ipo tayari. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tangu 2021, ikianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na kupanda hadi 1,500 mwaka 2023. Ni rahisi, ila ni kipofu: chumba na sebule vinalipa sawa na jumba lisilo la ghorofa lenye uwanja wa kuegesha magari kumi, tena mara nyingi anayekatwa ni mpangaji aliyenunua umeme. Ada ya mvua ikipita humo bila vipimo vya eneo itakuwa kodi nyingine tu. Na nisingependa kuona mtu anatozwa mahali ambapo mtaro haupo, au upo lakini umegeuka dampo na pa kutapishia vyoo mvua ikianza.

Kuna swali jingine ambalo Dodoma haitalikwepa: paa kubwa kuliko zote ni za nani? Ukienda Mtumba, kwenye mji wa serikali, utaziona, wizara kwa wizara, na maegesho yake. Washington, mji mkuu wa Marekani, nao walikwama hapohapo. Ofisi za serikali kuu zilibisha kwamba ile ni kodi, na serikali haiulipi mji kodi. Ubishi ulimalizwa na sheria aliyoisaini Rais Obama Januari 2011, iliyozitaka ofisi hizo zilipe ada ya mvua kama mwenye kiwanja mwingine yeyote.