Chemshabongo ya mafumbo yenye mada: maana yake na namna ya kuifumbua

"Ndege amejificha kwenye nyumba tatu (4)."

Aliyezoea chemshabongo za kawaida magazetini akikutana na kidokezo hiki ataanza kuhesabu ndege kichwani: njiwa, kunguru, mbayuwayu, nani mwingine. Aliyezoea chemshabongo ya mafumbo hashughuliki na ndege wala nyumba. Anayakodolea macho maneno yenyewe: nyumBA TAtu. Bata huyo hapo, kakaa kati ya maneno mawili mchana kweupe.

Katika chemshabongo ya kawaida kidokezo kina njia moja tu ya kukufikisha kwenye jibu, nayo ni maana. "Mji mkuu wa Tanzania (6)", unaandika Dodoma, unasonga mbele. Kidokezo cha mafumbo kina njia mbili ndani ya sentensi moja. Upande mmoja, ama mwanzoni ama mwishoni, kuna maana ya jibu kama kamusi ingeitoa. Upande uliobaki kuna maelekezo ya kuliunda jibu lilelile kwa herufi. Sentensi nzima husomeka kana kwamba inazungumzia jambo jingine kabisa, na jambo hilo ndilo mtego. Idadi ya herufi hutajwa mwishoni.

Kitendawili hakina ile njia ya pili. Ukiambiwa "nyumba yangu haina mlango", yai ni jibu kwa sababu aliyetega amekubali. Ukileta jibu lako lenye mantiki vilevile, utaambiwa utoe mji. Kwenye chemshabongo ya mafumbo huna haja ya kumsubiri mtegaji. Njia zote mbili zikikutana kwenye neno moja, umepata, na unajua kuwa umepata.

Mchezo wenyewe ni wa Waingereza. Chemshabongo ya kwanza ya magazetini ilitoka Marekani, katika gazeti la New York World la tarehe 21 Desemba 1913, na mtunzi wake, Arthur Wynne, alikuwa mzaliwa wa Liverpool. Ila vidokezo vyake vilikuwa vya maana tupu. Mafumbo yalishika kasi London pale Edward Powys Mathers alipoanza kutunga katika gazeti la The Observer mwaka 1926. Alijiita Torquemada, jina la mkuu wa mahakama ya kidini ya Hispania aliyeogopwa kwa kuwatesa watu, na wasomaji wake hawakuona ajabu. Aliyemrithi, Derrick Macnutt, naye alichukua jina la mkuu mwingine wa mahakama hiyohiyo, Ximenes, lakini huyu alikuwa mtu wa haki. Katika kitabu alichotoa mwaka 1966 alisisitiza kuwa kidokezo kiwe na maana sahihi, maelekezo ya haki, na kisiwe na kitu kingine chochote. Kabla yake mtunzi aliyejiita Afrit alikwisha kuliweka jambo hilo kwa kifupi: si lazima nimaanishe ninachosema, lakini lazima niseme ninachomaanisha.

Sheria hiyo ikishaeleweka, kinachobaki ni kuzifahamu mbinu. Kwa kuwa mifano ya Kiingereza haitafsiriki, nimetunga ya Kiswahili.

"Rafiki akichanganyikiwa huwa maskini (6)." Hapa hakuna anayesemwa kuwa ana wazimu. "Akichanganyikiwa" ni kiashiria kinachokuambia uzichanganye herufi za RAFIKI. Maana iko mwishoni: maskini. Jibu ni FAKIRI, herufi zilezile sita. Viashiria vya mbinu hii ni vingi mno: kuvurugwa, kulewa, kusagwa, kuparaganyika, karibu kila kitenzi chenye fujo ndani yake. Ukiona fujo katika sentensi, hesabu herufi za maneno yaliyo jirani nayo.

"Mwanzo wa alfajiri fanya ibada upate kitu kitamu (5)." Mwanzo wa neno "alfajiri" ni A. Kufanya ibada ni SALI. Ziunganishe: ASALI. Napenda kidokezo cha namna hii kwa sababu ukikisoma harakaharaka unadhani umepewa mawaidha.

"Saa imemeza kichwa cha bata: idadi ya siku za wiki (4)." Kichwa cha "bata" ni B, nayo SAA ikiimeza inakuwa SABA. Kuna pia kidokezo chenye maana mbili bila mchezo wowote wa herufi, kama "Mnyama wa kulevya (5)". Ni TEMBO, wa porini na wa mgema.

Na kuna cha kugeuza. Waingereza hugeuza herufi moja moja, kutoka nyuma kwenda mbele. Waswahili tuna namna yetu, kinyume, ambayo silabi ya mwisho huhamishiwa mwanzoni. Watu wa Zanzibar walikuwa wakiizungumza zamani, na Edward Steere aliieleza kwenye maandishi yake ya mwaka 1870. Kwa hiyo "Mali kwa kinyume: shika jembe (4)" ni LIMA, na mtoto aliyewahi kuzungumza kinyume uani kwao atalipata jibu kabla ya profesa.

Sasa mada. Chemshabongo nyingi za mafumbo hazina uhusiano wowote kati ya jibu moja na jingine. Yenye mada ni ile ambayo majibu kadhaa yanafungamana: yote ni mito, au yote ni vitu vya jikoni, au yote yanasimulia tukio moja. Kwa kawaida mtunzi hukupa maelezo mafupi ya awali juu ya jedwali, kisha anakunyang'anya kitu. Mara nyingi anachokunyang'anya ni ile njia ya maana. Tazama mfano huu mdogo.

Maelezo ya awali: Vidokezo vitatu havitaji maana. Majibu yake ni vitu vya 1 Wima.

1 Wima: Maelfu ndiyo yaliyomficha mjuzi wa kazi (5).
4 Mlalo: Samaki aliyekatwakatwa (6).
7 Mlalo: Sehemu ya muziki (3).
9 Wima: Miaka mitano gerezani, kwa mfano (7).

Cha kwanza kimekamilika: maelFU NDIyo imemficha FUNDI, na mjuzi wa kazi ni maana yake. Lakini fundi wa nini? Wa saa, wa magari, mwashi? Samaki aliyekatwakatwa ana herufi sita za kupanga upya, na bila maana unaweza kuzizungusha mpaka uchoke. Sehemu ya muziki nayo inaweza kuwa "muz", "ziki", chochote. Ila herufi ni tatu, na "uzi" ni neno. Hapo kichwa kinaanza kufunguka. Kama ni uzi, basi huyo samaki ni MAKASI. Na miaka mitano gerezani? Ni KIFUNGO. Kile cha gereza ndicho kilichotajwa, na kile cha shati ndicho kilichofichwa. Fundi wetu ni wa cherehani.

Utamu wa mada uko katika kugeuka huko. Mwanzoni unajenga majibu ili uipate mada. Ukishaipata, mada ndiyo inayokujengea majibu. Kama kungekuwa na kidokezo kingine kilichokushinda, chenye herufi saba, ungejaribu SINDANO kwanza kisha ndipo utafute mtunzi alivyofika huko.

Wengine huificha mada wasiitangaze kabisa. Ujumbe hukaa pembezoni mwa jedwali au kwenye mshazari, na anayemaliza bila kuuona hajui alichokosa. Ujumbe wa namna hiyo huitwa Nina, kwa jina la binti wa mchoraji Al Hirschfeld wa Marekani, aliyekuwa akilificha jina la mwanawe ndani ya michoro yake.

Ukitaka kuona mada inaweza kubeba uzito gani, mfano ni wa John Graham, mchungaji wa Kanisa la Anglikana aliyetunga kwa jina la Araucaria katika The Guardian tangu 1958. Januari 2013, akiwa na umri wa miaka 91, gazeti lilichapa chemshabongo yake yenye maelezo ya awali yaliyosema kuwa Araucaria ana 18 ya 19, inayotibiwa kwa 13 15, namba hizo zikiwa za majibu ya jedwalini. Wasomaji waliketi na kalamu zao kama siku nyingine yoyote. 18 ikatoka: saratani. 19: umio, mrija wa chakula. 13 na 15: tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu. Majibu mengine yalikuwa ya wodini, muuguzi akiwamo. Alikuwa akiwaaga watu waliomfahamu kwa vidokezo tu, na alifanya hivyo kwa vidokezo. Alifariki Novemba mwaka huohuo.

Hakuna taarifa ya kawaida ambayo ingefanya kazi ile. Habari ikichapwa ukurasa wa mbele unaipokea. Hii ilibidi msomaji aijenge mwenyewe, herufi kwa herufi, na anapoandika ya mwisho tayari anaielewa. Na fumbo la saratani lingefanya kazi vilevile kwa Kiswahili. "Buruji yenye kuua (8)": Saratani ni nyota ya wanajimu na ni maradhi, sawa na ilivyo katika Kiingereza.

Upande wa pili wa mambo ni watu kuona mada pasipokuwapo. Mwezi Mei 1944, wiki chache kabla ya majeshi ya Uingereza, Marekani na washirika wao kutua Normandy, Ufaransa, katika Vita Kuu ya Pili, majibu ya chemshabongo za The Daily Telegraph yalikuwa na maneno kama Utah, Omaha na Overlord, yote majina ya siri ya uvamizi ule. Mtunzi, mwalimu mkuu Leonard Dawe, alihojiwa na wanausalama. Hakupatikana na hatia.

Baada ya kufumbua kuna kazi ya pili ambayo wengi huipenda kuliko ya kwanza: kuchambua. Kuandika jibu haitoshi. Mchambuzi hupigia mstari maana, hutaja kiashiria, kisha huonyesha kila herufi imetoka wapi. Kwa mfano wa asali: maana ni "kitu kitamu", A ni mwanzo wa alfajiri, SALI ni fanya ibada, "upate" ni kiungo tu. Neno likibaki bila kazi, ama mchambuzi hajaelewa ama mtunzi amezembea, na mabishano ya wapenzi wa mchezo huu karibu yote ni kuhusu neno moja lililobaki. Ikiwa kuna mada, uchambuzi huongeza orodha ya majibu yanayohusika na kueleza yanahusikaje.

Kwa Kiswahili mchezo ungekuwa na sura yake. Waingereza hutegemea sana maneno yanayotamkwa sawa na kuandikwa tofauti. Sisi huandika kama tunavyotamka, hivyo mbinu hiyo ingekufa mara moja. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, kwa hiyo herufi ya mwisho unayoipata kutoka jibu linalokatiza haikusaidii kitu: ni A tena. Jedwali lingepaswa kupangwa ili majibu yakatane katikati, kwenye konsonanti. Lakini katika kuficha neno ndani ya maneno mawili, sijui lugha iliyo tayari kama hii. Silabi zetu hukatika na kuungana popote, na viambishi hubeba nusu ya kazi. Anayetaka kujaribu kutunga aanzie hapo, achukue sentensi yoyote ya gazeti la leo na aitazame bila nafasi kati ya maneno.