Stesheni ya Londiani kabla ya reli ya Eldoret

Katika kazi yangu ya kutafiti historia ya uchukuzi hapa Nakuru, mara nyingi naulizwa kwa nini Londiani, mji mdogo wa Kaunti ya Kericho ulio juu ya safu ya Mau, unatajwa sana katika nyaraka za enzi ya ukoloni. Jibu ni kwamba kwa zaidi ya muongo mmoja stesheni yake ilikuwa bandari ya nchi kavu ya uwanda mzima wa Uasin Gishu, ulipo mji wa Eldoret.

Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilipanda Mau kupitia Njoro, Elburgon na Molo, ikavuka kilele cha takriban mita 2,500 kule Mau Summit, kisha ikateremka kupitia Londiani, Lumbwa (Kipkelion ya leo), Fort Ternan na Muhoroni hadi Kisumu, ambako ilifika ziwani Desemba 1901. Kipande hiki kilikuwa kigumu kwa sababu ya makorongo yake, hivyo treni za kwanza zilipita kwenye njia za muda huku madaraja 27 ya chuma yakisimamishwa na American Bridge Company ya Marekani, jambo lililowaudhi sana wenye viwanda wa Uingereza.

Walowezi Makaburu waliotoka Afrika Kusini mwaka 1908 walishukia Nakuru na kupanda na magari yao ya maksai kutoka huko hadi Uasin Gishu, kwa hiyo wanaodai kwamba msafara huo uliteremkia Londiani wanakosea. Hata hivyo, walowezi walipokwisha kutulia, barua, majembe, mbegu na bidhaa za maduka ya Eldoret zilishushwa Londiani, kisha zikakokotwa na maksai kupitia misituni kwenye barabara ambayo wakati wa mvua ilikuwa tope tupu. Kuna simulizi maarufu kwamba kasha la chuma la benki ya kwanza ya Eldoret lilianguka kutoka kwenye gari, likashindikana kuinuliwa, na benki ikajengwa kulizunguka. Mimi nina shaka na simulizi hiyo, lakini inaonyesha vyema jinsi watu walivyoikumbuka adha ya uchukuzi huo. Hasara kubwa zaidi ilikuwa ya mazao, kwa maana mahindi ni mzigo mzito wa bei ndogo, na gharama ya kuyafikisha stesheni ilimeza faida ya mkulima.

Ndiyo maana walowezi walidai reli yao wenyewe. Ilipoamuliwa ijengwe, haikuchepuka Londiani bali Nakuru, ikapita Rongai, Maji Mazuri na Timboroa, na kufika Eldoret mwaka 1924. Uamuzi huo ulilalamikiwa wakati ule, kwa kuwa ilidaiwa kwamba njia ilichaguliwa ili kuwanufaisha walowezi wenye mashamba na wenye vibali vya kukata mbao katika misitu iliyopitiwa. Kwa maoni yangu malalamiko hayo yalikuwa na msingi, hasa ukizingatia kwamba karibu na Timboroa reli ilibidi ipande hadi takriban mita 2,780, juu zaidi ya kilele cha Mau.

Kwa Londiani matokeo yalikuwa ya haraka: mizigo ya Eldoret ikahama, na biashara ya magari ya maksai ikafa. Njia ya Kisumu haikudorora papo hapo, kwa sababu pamba ya Uganda iliendelea kuvushwa ziwani kwa meli, lakini reli ilipofika Kampala mwaka 1931 kupitia Eldoret na Tororo, shehena hiyo nayo ikaanza kupungua. Chai ya Kericho, ambayo mashamba yake makubwa yalianzishwa miaka ya 1920, ingeweza kuifidia Londiani, ila stesheni iliyopokea chai hiyo ilikuwa Lumbwa.

Hivyo njia iliyokuwa kuu ikageuka kuwa tawi. Treni za abiria za Kisumu zilisitishwa kwa miaka kadhaa kabla ya kurejeshwa Desemba 2021, baada ya kukarabatiwa kwa kilomita 217 kati ya Nakuru na Kisumu, lakini ukarabati huo haukubadilisha mpangilio wa miaka ya 1920: makutano ya reli yangali Nakuru, na mizigo ya Uganda inayokwenda kwa reli ya Malaba hupitia Timboroa.